Limi na Picha ya Vipande

Kila asubuhi Mzee Mabula alikamua ng'ombe wake mapema. Mke wake, Bernadina, alichuja maziwa kwa kitambaa safi na kuyamimina katika madebe mawili. Mabula aliyafunga madebe kwenye baiskeli, akaenda kuyauza katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu. Nyumba yao ilikuwa karibu na kambi hiyo, upande wa Geita, ndani ya ua wa minyaa. Ulikuwa mwaka 1956, wakati wa kiangazi, na watu walikuwa wakichuma pamba.

Bernadina alibaki nyumbani na mjukuu wao, Limi, mtoto wa miaka minane. Limi alifagia uwanja. Alianika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya mwamba. Alifukuza kuku. Karibu kazi zake zote alizifanya ndani ya ua.

Mama yake Limi aliitwa Mageni. Alikuwa binti pekee wa wazee hawa, na alifariki Limi akiwa bado mchanga. Watu waliendelea kumwita Bernadina Mama Mageni, na Mabula wakamwita Baba Mageni. Baba yake Limi alikuwa Mzungu, fundi wa mashine mgodini. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao, na hakuna aliyemsikia tena.

Kwa hiyo Limi alikuwa mweupe kuliko watoto wenzake. Nywele zake zilikuwa laini, za rangi ya kahawia. Watoto wa jirani walimwita Kazungu.

Mabula hakumpiga mjukuu wake, wala hakumtukana. Alimnunulia nguo na kumletea sukari. Lakini wageni walipokuja, alimwambia Bernadina ampeleke mtoto jikoni. Hakumchukua mnadani hata siku moja. Watoto wa rika la Limi walianza shule, yeye akabaki. Bernadina alipouliza, Mabula alijibu kwamba mtoto bado mdogo.

Mwaka huo alifika kambini mama mmoja wa Kizungu. Alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kulelea watoto machotara, katika mji wa mbali. Mtu alifika huko kwa kupanda treni Shinyanga. Yule mama alimweleza Mabula kwamba Limi atalala kitandani, atakula vizuri na kusoma. Alisema hayo kwa moyo mwema. Mabula akakubali bila kumwuliza mkewe. Walipatana kwamba pamba ikishauzwa, lori litampeleka mtoto Shinyanga.

Jioni Mabula alimweleza mkewe. Bernadina aliweka mwiko chini.

"Atarudi lini?" aliuliza.

"Huko ndiko kwa wenzake," Mabula alijibu.

Limi alikuwa nyuma ya mlango. Alisikia yote. Alijiuliza wenzake ni nani, kwa sababu watu wake duniani walikuwa bibi yake na babu yake tu.

Siku zilizofuata, Bernadina alimwona Limi ana masizi usoni na mikononi. Alidhani ni michezo ya watoto, akamwogesha. Kesho yake masizi yalikuwepo tena. Limi alikuwa akiyakwangua chini ya chungu, akayachanganya na samli, akajipaka mwili mzima. Mwisho alijipaka hata kwenye kope. Macho yakaanza kuwasha. Aliyasugua, yakavimba, yakatoka usaha. Asubuhi moja hakuweza kuyafungua.

Bernadina alimshika mabega na kumwuliza kwa nini anajipaka uchafu ule.

"Nikiwa mweusi sitapandishwa kwenye lori," Limi alisema.

 Bernadina alimfunga mtoto mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa, akaenda naye hadi zahanati ya kambi.

Mganga wa zahanati alimsafisha Limi macho na kumtia dawa. Pale palikuwa na mwanamke aliyevaa gauni la bluu, akizungumza na akina mama waliosubiri. Jina lake lilikuwa Paskalina, na watu walimwita Bibi Maendeleo. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanawake kusoma, kushona na kutunza watoto. Alimwamkia Bernadina shikamoo, akaketi karibu naye. Alieleza namna ya kumtunza mtoto nyumbani. Maji yachemshwe, kisha yaachwe yapoe. Kila jicho lisafishwe kwa kitambaa chake, na vitambaa vichemshwe kila siku. Mtoto asitumie taulo moja na mtu mwingine. Asitiwe machoni maji ya majani, wala samli, wala kitu chochote ambacho mganga hakukitoa.

Kisha aliuliza masizi yalifikaje machoni. Bernadina alisita, halafu akamweleza habari yote, tangu Mageni hadi lori.

Paskalina alimgeukia Limi. Alimwambia kwamba ngozi ya mtu ina rangi, na rangi hiyo hukaa juu tu. Wengine wanayo nyingi, wengine kidogo. Ndani yake damu ni nyekundu kwa kila mtu, na mifupa ni ile ile. Mganga hapimi homa ya Mzungu kwa chombo kimoja na homa ya Msukuma kwa chombo kingine.

Limi alisikiliza akiwa na kitambaa machoni. Kisha akasema, "Lakini bibi anasema dukani kuna milango mitatu. Wazungu wana wao, Wahindi wana wao, na sisi tuna wetu. Mimi nipite upi?"

 Paskalina alijua milango hiyo. Yeye mwenyewe alipita mlango wa tatu kila siku.

"Milango ile imejengwa na watu," alisema. "Haikuota yenyewe. Macho yako yakipona, njoo na bibi yako kwenye darasa langu. Tutaifikiria pamoja."

Baada ya wiki mbili macho yalipona. Bernadina alimpeleka Limi darasani, katika ukumbi wa wafanyakazi. Kwa mara ya kwanza Limi alipita katikati ya kambi macho yakiwa wazi. Alishika kanga ya bibi yake kwa nguvu.

Siku hiyo Paskalina alikuja na mume wake, Valerian. Valerian alikuwa mpiga picha. Alipiga picha za pasi za watu wote walioingia mgodini, Wazungu, Wahindi na Waafrika. Kila mtu alikaa kwenye kiti kile kile, mbele ya kitambaa kile kile.

Valerian aliwaonyesha wanawake picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mtu mweusi sana. Ya pili ilikuwa ya mtu mweupe. Aliwauliza watu hao ni nani. Wanawake walisema mmoja ni Mwafrika na mwingine labda ni Mwarabu.

"Wote wawili ni mimi," Valerian alisema.

Wanawake walizipokezana picha zile. Waliangalia pua, masikio na kovu dogo la kidevuni. Kweli alikuwa mtu mmoja. Valerian alieleza kwamba picha huchapwa kwa mwanga. Karatasi ikikaa kwenye mwanga kidogo, mtu hutoka mweupe. Ikikaa zaidi, mtu yule yule hutoka mweusi. Yeye anaweza kumfanya Mzungu awe mweusi kuliko Msukuma, na uso wake usibadilike hata kidogo.

Ndipo Paskalina akawaeleza kazi ya siku hiyo. Watatengeneza uso mmoja kwa vipande vya nyuso za watu wengi. Valerian alikuwa na picha za ziada. Lakini hakuleta picha ya mtu yeyote bila kumwomba ruhusa. Fundi umeme wa Kihindi alikubali. Mpima ardhi wa Kizungu alikubali na akacheka. Karani mmoja wa Kizungu alikataa. Alisema hataki uso wake uchanganywe na wa watu wengine. Valerian alirudisha picha yake katika bahasha, kwa sababu uso wa mtu ni mali yake. Wafanyakazi wengi wa Kiafrika walikubali. Mzee Mabula, aliyekuwa na pasi ya kuuza maziwa, naye alikubali, pale getini, akiwa na haraka ya kuuza maziwa. Alisema waichukue tu, haina kazi kwake.

Kazi ilikwenda hivi. Kwanza walipanga picha mezani bila kuzikata. Valerian alikuwa amezichapa kwa kipimo kimoja, kwa hiyo jicho la mmoja lililingana na jicho la mwingine. Kisha walikata picha kwa mkasi, kwa mistari iliyonyooka. Paji la uso lilikatwa peke yake, macho peke yake, pua peke yake, mdomo na kidevu peke yake. Walivijaribu vipande juu ya kadibodi ya boksi la sabuni. Walivihamisha, wakavibadilisha. Uso ulipowapendeza, walipaka uji mzito wa unga wa muhogo nyuma ya kila kipande, wakabandika na kukandamiza kwa kitambaa.

Mwanzoni wanawake walicheka. Mwanamke mmoja aliweka pua ya Mhindi chini ya macho ya mchimbaji kutoka Tabora, akasema amempata kaka yake anayevua samaki ziwani, Nkome. Baadaye kicheko kilipungua. Kila mmoja aliinama juu ya kadibodi yake. Vipande vilikubaliana. Hakuna pua iliyokataa kukaa chini ya macho ya mtu mwingine.

Limi alikaa bila kugusa kitu. Valerian alimwuliza kama anataka picha yake mwenyewe iwemo. Limi alikataa kwa kichwa. Alitazama meza kwa muda mrefu. Kisha akamnong'oneza bibi yake kwamba anataka.

Valerian alimpiga picha siku hiyo hiyo, na darasa lililofuata akaileta. Limi hakuwa amewahi kuona uso wake umetulia namna ile. Aliushika kwa ncha za vidole. Mwisho alichukua mkasi.

Aliweka paji la uso la mpima ardhi. Chini yake aliweka macho ya babu yake, kisha pua ya fundi umeme. Mdomo na kidevu vilikuwa vyake mwenyewe. Bernadina alimshikia kadibodi isiteleze. Aliyatambua yale macho.

Ilipofika siku ya maonyesho, picha zilitundikwa ukutani. Paskalina aliwaalika waume na jamaa za wanawake. Chini ya picha hapakuwa na maandishi. Watu walitembea mbele ya nyuso zile, wakikisia kipande kipi ni cha nani. Mara nyingi walikosea. Mpima ardhi naye alifika. Alilitafuta paji lake la uso asilione, ikabidi Limi amwonyeshe kwa kidole.

Mabula alikuja baada ya kuuza maziwa. Alivua kofia, akapita taratibu. Alisimama mbele ya picha ya Limi, asijue ni ya nani. Alikaa pale muda mrefu kuliko mbele ya picha nyingine. Paskalina alimkaribia, akamwamkia, akamwuliza anaona nini.

"Macho haya ni ya Mzungu," Mabula alisema.

Paskalina aliuliza amejuaje.

"Yanadharau. Mtu mwenye macho haya anakutazama kama kitu kilichowekwa mahali pasipo pake. Nimetazamwa hivi mara nyingi getini." Kisha akasogea karibu zaidi, na sauti yake ikabadilika. "Lakini mdomo huu naujua. Huu ni mdomo wa binti yangu. Mlipata wapi picha ya Mageni?"

Limi alikuwa amesimama nyuma ya bibi yake. Alijitokeza.

"Mdomo ni wangu, babu," alisema. "Macho ni yako."

 Mabula alimtazama Limi, kisha akaitazama picha, kisha akamtazama Limi tena.  Alivaa kofia yake, akatoka nje, akaisukuma baiskeli hadi nyumbani bila kuipanda.

Bernadina na Limi walimkuta ameketi karibu na zizi. Bernadina alimpa Limi kazi ya kuchambua karanga, akaenda kukaa na mumewe.  Mabula akaeleza habari ya siku ile alipopigwa picha. Alisimama kwenye foleni tangu asubuhi. Kila Mzungu aliyefika alipitishwa mbele, na karani wa Kizungu alimwambia asogee, ananuka ng'ombe. Alipokaa kwenye kiti mbele ya Valerian, bado alikuwa akimtazama yule karani.

"Nilikuwa na hasira na mtu aliyenidharau," alisema. "Sikujua kwamba nikirudi hapa natazama vile vile."

"Mtoto anajua," Bernadina alisema. "Ndiyo maana alijipaka masizi."

Mabula hakuwa ameambiwa sababu ya masizi. Alikuwa ameelezwa tu kwamba mtoto anaumwa macho. Sasa Bernadina akamweleza. Aliposikia habari ya lori, Mabula aliinama na kushika kichwa. Baadaye alimwita Limi. Alimwambia kwamba hatakwenda Shinyanga kupanda treni. Atakaa hapa, na wenzake ni watu wa hapa. Limi aliuliza kama ni kweli. Mabula alisema ni kweli, na kwamba amemkosea, naye anaomba asamehewe. Limi hakuwahi kumsikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha. Alimpa karanga.

Siku chache baadaye Mabula alikwenda kwa yule mama wa Kizungu pamoja na Paskalina. Alimshukuru kwa nia yake, akamweleza kwamba mjukuu wake ana kwao. Yule mama alisikitika kidogo, kwa sababu kitanda kilikuwa tayari. Paskalina alimwambia kwamba yapo makosa ambayo hutendwa kwa huruma, na mojawapo ni kumtoa mtoto kwa watu wanaompenda kwa sababu ya rangi tu. Yule mama alifikiri, kisha akampa Mabula mkono. Lori likaondoka bila Limi.

Shule ilipofunguliwa mwaka mpya, Mabula alimpeleka Limi mwenyewe. Mwalimu Bartholomeo aliwapokea kwa heshima, lakini alikuwa na wasiwasi. Alisema shule hii ni ya watoto wa Kiafrika. Alisema wazazi wengine huenda wakanung'unika.

"Mwalimu," Mabula alisema, "mtoto huyu anakula kwangu na kulala kwangu. Mama yake nilimzika mimi. Kama shule ni ya watoto wa hapa, huyu ni mtoto wa hapa. Na wazazi wakinung'unika, waambie waje nyumbani tuzungumze. Mimi nimenung'unika miaka minane. Najua linalowasumbua."

Mwalimu Bartholomeo alimtazama Limi, akamwuliza kama anajua herufi. Limi alizijua. Alikuwa amejifunza katika darasa la wanawake, akiwa pembeni ya bibi yake. Alisoma maneno matatu ubaoni bila kukosea. Mwalimu akamwonyesha dawati.

Wazazi wawili walikuja kweli kwa Mabula. Mmoja alirudi nyumbani ameelewa. Mwingine alibaki na mawazo yake, lakini mtoto wake alicheza na Limi hata hivyo.

Darasa la Paskalina liliendelea. Wanawake walitengeneza nyuso nyingine, safari hii za wanawake wa Kihindi, wa Kizungu na wa Kisukuma. Mke wa fundi umeme alileta picha yake mwenyewe, akakaa na kukata pamoja nao. Milango mitatu ya duka haikuondolewa mwaka ule. Lakini wanawake wa darasa walianza kuuliza kwa nini ipo, na walipouliza hawakuinamisha macho.

Wakati wa likizo, Limi alifuatana na babu yake kambini kuuza maziwa. Alishika kipimo, Mabula akashika debe. Asubuhi moja alifika mchimbaji mgeni aliyetoka mbali. Alimwangalia mtoto, akamwangalia mzee, akatabasamu vibaya.

"Mzee, huyu ni wa nani?" aliuliza.

"Wa binti yangu," Mabula alisema.

"Na baba yake?"

Wanunuzi wengine walitazama chini. Mabula alimaliza kwanza kumimina maziwa ya mtu aliyekuwa mbele.

"Baba yake alikuwa mtu," alisema. "Alikosa kama watu wanavyokosa, akaenda zake. Huyu hapa amebaki nasi."

Yule mchimbaji aliacha kutabasamu. Alilinyoosha bakuli lake kwa mtoto na kumwuliza anaitwa nani.

"Limi," mtoto alisema, akamimina maziwa mpaka ukingoni. "Limi wa Mabula. Nasoma darasa la kwanza."